Mbuzi wa Kukausha

Wote, 9 Agosti 2025

Kwako Korongo,

Salamu kutoka kwa mtu mnene. Daktari wa hapa Wote amenipima sukari. Aliangalia karatasi, akaangalia tumbo langu, akairudia karatasi kama mtu anayelinganisha bei. Akasema nitembee. Nikamwambia mimi hutembea sana: natoka dukani hadi hotelini, na nikishiba narudi. Hakucheka. Siku hizi madaktari ni watoto, hawana mzaha.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya sukari. Unajua ninachotaka. Tangu mwaka juzi niliposema Kasiva haolewi na Mutunga wako, mtoto huyo hajalala kwangu. Krismasi anakuja, anasalimu, anakunywa chai amekalia ukingo wa kiti, na jioni amesharudi Kitui. Wewe sikukosana nawe, maana uliniambia kwa mdomo wako kwamba neno la baba ni neno, na kijana wako, ambaye mke wa kwanza alimkimbia kabla mwaka haujaisha, utamwambia aache. Ukamwambia, akaacha. Nakushukuru hadi leo. Ila mimi nilibaki na ushindi wangu na nyumba tupu.

Sasa mama yake ananiambia Kasiva yuko katika kile chama chako cha kupanda milima, na kwamba Desemba mtavuka vilima vya Chyulu kwa miguu, siku tatu, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Nichukue, bwana. Nifundishe. Porini mtoto hana mlango wa kutokea. Hata akininunia, ataninunia akiwa karibu.

Barua nampa shemeji yangu Muindi, anayenunua ndengu huko kwenu kila wiki, kwa sababu simu yako chini ya milima ya Mutitu hushika siku ambayo Mungu amependa. Halafu wewe ni mwalimu. Utafurahi kusahihisha.

Rafiki yako,
Mulwa, bado Gunia


Mutitu, 16 Agosti 2025

Kwako Gunia,

Nimecheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama ni kifafa. Wewe, Mulwa, uliyekuwa ukipanda pikipiki kwenda kanisani mita mia mbili! Haya, mwanafunzi ni mwanafunzi. Nimefundisha jiografia watoto wasiojua mashariki ni wapi, sitashindwa na wewe.

Somo la kwanza ni viatu. Nunua vilivyo vikubwa kidogo kuliko mguu wako, maana mguu huvimba njiani, na uvivae dukani ukiuza mbegu mpaka vikuzoee. Wateja wakiuliza, waambie umeitwa jeshini. Somo la pili ni begi. Vitu vizito vikae katikati, vibanane na uti wa mgongo, visining'inie huko chini kama mkia wa kondoo. Mzigo usizidi robo ya uzito wako. Najua kwa uzito wako hiyo ni ruhusa ya kubeba jokofu, lakini usibebe. Na unapotembea, nenda mwendo ambao bado unaweza kuongea. Kwako hilo halitakuwa shida.

Tutaanza hapa kwangu, Mutitu, usiku mmoja tu. Nina hema moja, tutabanana.

Kuhusu binti, Desemba atakuwepo, na nitahakikisha anatembea karibu nawe. Mambo yale ya vijana yalikwisha. Usiyafukue.

Wako,
Kiilu, Korongo mwenye miguu yake


Wote, 1 Septemba 2025

Kwako Korongo,

Nimeweza kuketi leo, ndiyo maana naandika.

Nakubali makosa yangu, lakini si yote. Tikiti maji lile halikuwa ujinga. Nilifikiri kwa akili: ulisema maji ni muhimu, na tikiti ni maji yanayotafunika. Hukuniambia kwamba kilo saba zikikaa begini zinageuka kuwa mtu mzima anayekuvuta nyuma ukipanda. Kigoda nakubali. Biblia kubwa ya mezani nakubali, ingawa ulipoitoa kwenye begi nilitegemea angalau utashika adabu. Kuhusu muthokoi, bwana, ni nani angejua? Nyumbani mahindi na maharagwe huiva tu. Mimi huita, yanakuja. Sikujua kwamba yanakaa motoni mchana kutwa, na kale kajiko kako ka gesi kalizimika yakiwa bado yanagonga sufuria kama kokoto. Nimemwomba Mama Kasiva msamaha kwa miaka ishirini na minane ya kuuliza chakula kiko wapi.

Lakini nakuambia kweli, Kiilu. Asubuhi ile tulipofika kwenye bega la mlima, ukungu ukiwa chini yetu, nilivua begi nikahisi naelea. Sijawahi kujisikia mwepesi hivyo tangu nikiwa kijana. Na ndani ya hema, ulipoanza kunisimulia vile tulivyoiba maembe ya mkuu wa chuo, ukinisukuma kwa kiwiko kila nikikoroma kabla ya mwisho wa hadithi, nilisema moyoni: hata kama Kasiva hatazungumza nami, huyu mtu amenipa kitu.

Ulisema atazungumza. Nakuamini.

Gunia, mwenye malengelenge manne


Mutitu, 7 Septemba 2025

Kwako Gunia,

Umepasi kwa shida. Somo linalofuata ni chakula. Msafiri hubeba kitu chepesi kinachoshibisha: unga, njugu, nyama iliyokaushwa. Hiyo ya mwisho nitakufundisha mwenyewe, na nitakufuata kwako.

Jumamosi ya tarehe ishirini nitafika Wote na mbuzi. Tutachinja hapo uani, nikuonyeshe jinsi ya kukata nyama nyembamba kama ukanda, kuipaka chumvi na kuitundika. Nitaleta watatu. Mmoja wa kukausha, wawili utanitunzia hadi Desemba, kwangu malisho yamekauka. Mwambie Mama Kasiva aweke sufuria. Muindi aje tuchune pamoja, yeye ana kisu kizuri.

Wako,
Kiilu


Wote, 24 Septemba 2025

Kwako Korongo,

Nyama imekauka. Kutoka kwa mbuzi mzima nimepata ya kujaza kofia, kwa sababu iliyobaki tuliila siku ileile. Kama hivyo ndivyo mnavyokausha nyama Kitui, nimeelewa kwa nini nyinyi ni wembamba na bado mnafurahi.

Lakini umenishangaza. Mtu anakuja kuchinja amevaa koti? Mimi nilikuwa na kaptura na yale magambuti ya shambani, nikijua ni siku ya damu, na nyinyi mkashuka garini kama watu wa harusi. Na wale baba zako wadogo wawili, uliosema wanapitia tu wakielekea Kibwezi, waliacha safari yao wakakaa hadi jioni! Yule mkubwa aliombea nyama mpaka nikafungua jicho moja kuona kama mafuta yameganda. Mama Kasiva naye alikuwa na gauni la kanisani na jiko linamtoa machozi. Nikamwambia akabadilishe. Akaniambia nile.

Nami nikala. Ulinikatia kipande cha kwanza mwenyewe, ukanipa kwa mikono miwili, wote mkaniangalia natafuna. Nikadhani mnaogopa sukari itanipanda. Niliposema, "Tamu, leteni kingine," yule mzee akapiga makofi. Sijawahi kushangiliwa kwa kula. Nimepoteza miaka mingi kumbe nilikuwa na kipaji.

Wale wawili wamezoea boma. Kuna mmoja mkorofi, nimempa jina lako.

Niambie tunapanda mlima wa Nzaui lini.

Gunia


Mutitu, 30 Septemba 2025

Kwako mheshimiwa, Baba Kasiva,

Natumaini u mzima wa afya pamoja na nyumba yako yote. Sisi hapa tunamshukuru Mungu.

Nzaui tutapanda wikendi ya tarehe kumi na nane Oktoba, ikiwa itakupendeza. Mvua ikiwahi, tutaahirisha. Nitakuja na mahema mawili. Ni desturi ya wasafiri kwamba kila mmoja abebe nyumba yake, ili asiyejua ajifunze kuisimamisha.

Asante kwa ukarimu wako siku ile. Hatutausahau.

Ni mimi,
Kiilu Mwau


Wote, 21 Oktoba 2025

Kwako, na sijui nikuite nani siku hizi,

Bwana Kiilu, kama ni kukoroma, sema. Mimi ni mtu mzima. Mama Kasiva alinifukuzia sebuleni mwaka tuliooana, nikarudi kwa msamaha. Lakini usiniambie habari za desturi ya wasafiri. Mutitu tulibanana kama ndizi, ukasema hema moja huokoa mgongo. Nzaui ukasimamisha lako mbali, mlango umeelekea upande mwingine, na nilipokuja kukuonyesha kwamba langu limesimama bila msaada, ukajibu ukiwa ndani. Ukaniita "mzee". Mzee! Mtu niliyekuzidi miezi miwili!

Nimejifunza mengi, sikatai. Najua sasa kusoma mistari ya ramani: ikikaribiana, ni mlima wa kunyonga mtu. Najua kuchimba shimo la haja mbali na maji na kulifukia kama paka. Nilibeba kilo kumi na moja na sikuanguka. Lakini nilikuwa nikikutazama nikingoja uniambie natembea kama bata mwenye mimba, na wewe ukawa unasema, "Umejitahidi." Hata mkwe wa mchungaji hasemi hivyo.

Halafu pale majini. Nilikuwa nimevua shati nikijimwagia, wewe ukatokea kwenye njia. Uliponiona, uligeuka ukaingia kwenye miiba. Si ukapita kando: ukaingia kabisa, nikasikia suruali inararuka. Nimecheka njia nzima kurudi Wote, lakini nilipofika nyumbani kicheko kiliniisha. Nimekukosea nini? Kama kuna neno, liseme. Nirudishie Korongo wangu kabla ya Desemba. Siwezi kwenda kutafuta binti nikiwa nimepoteza rafiki.

Mulwa


Wote, 26 Oktoba 2025

Kiilu Mwau,

Barua hii sikumpa Muindi. Inakuja kwa basi, kwa sababu Muindi alishika miguu ya mbuzi yule akijua anashika nini.

Usihangaike kunijibu ile ya tarehe ishirini na moja. Nimejibiwa jikoni kwangu.

Nilikuwa nikimsimulia Mama Kasiva habari za miiba. Nilikuigiza, unanijua, nikarudi nyuma nimefunika macho, nikagonga kabati. Nikasema kwa kucheka, "Ananikimbia kama mimi ni muthoni wake."

Mwiko ukamwanguka. Akasema, "Ni nani amekuambia?"

Hivyo tu. Hakuna aliyekuwa ameniambia, Kiilu. Nilitupa neno la mzaha, nalo likapata mwenyewe. Mimi ni mkwe wako. Muthoni. Ndiyo maana hatulali hema moja, ndiyo maana huwezi kuona kifua changu, ndiyo maana huwezi kunitukana. Mbuzi watatu! Mkamba mwenye miaka hamsini na minne analetewa mbuzi watatu, na wazee wawili, na koti, na mtu mwenye mtoto wa kiume, halafu anauliza chumvi ya kukaushia iko wapi. Watoto wa darasa la nne wanajua hiyo ni ntheo, mbuzi wa posa. Wanajua baba wa msichana akishameza kile kipande, msichana ameenda. Nami nikasema, "Leteni kingine."

Ninajicheka, ndiyo. Najua mimi ni mtu wa kuchekwa, na hilo ndilo mlilotegemea. Hamkuhitaji hata kunificha. Mliniweka katikati ya uwanja, mkanilisha mchana peupe, mkijua Mulwa ataangalia nyama tu.

Nilipokataa, nilikataa nikikutazama machoni. Wewe ungenipinga. Ungenitukana, ungenipiga hata. Ukaniambia neno langu ni neno. Kisha nikaja kwako mwenyewe, na begi mgongoni, nikikuomba unirudishie mtoto wangu, na ulikuwa umeshamchukua.

Mbuzi wako wawili wapo. Waje wachukuliwe.

Mulwa Nzuki


Kitui, 28 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hukutarajia barua yangu. Mzee Kiilu aliniambia umeomba tusizungumze habari hii mpaka Desemba, kwamba unataka unitazame usoni tukiwa njiani. Nimejaribu kungoja, Baba, nimeshindwa.

Asante. Sijui niseme nini kingine. Siku ile mama alinizuia nisije, akasema ukiniona utalia mbele ya wageni. Nilikuwa kazini, nahesabia watu vidonge, na kila simu ikilia nashtuka. Mutunga alipopiga akasema, "Amekula, na ameomba kingine," nilifunga duka la dawa kwa dakika kumi nikaenda kukaa chooni nikalia.

Wiki iliyofuata nilihamia kwake. Najua ulichokuwa unaogopa. Kuhusu yule mke wa kwanza nimeuliza mambo yote, na siku moja nitakueleza. Lakini nataka ujue hili: kwa miaka miwili Mutunga aliniambia twende tu kwa msajili tumalize. Nikamwambia siingii nyumba ambayo baba yangu hajala mbuzi wake. Na nikamwambia asile kwa kulazimishwa. Nikisikia alishikwa mkono, narudi nilikotoka. Nilikuwa nimeshajua nitazeeka nikingoja, kwa vile wewe ni wewe. Kumbe ulikuwa mlimani unajifunza kubeba mzigo kwa ajili yangu.

Mzee anasema sasa unasimamisha hema mwenyewe. Sitaamini mpaka nione.

Binti yako,
Kasiva


Mutitu, 3 Novemba 2025

Kwako Mulwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa nayo.

Sitajitetea kwamba sikusema uongo, kwamba nilinyamaza tu. Nilisema uongo. Wale watoto hawakuachana hata wiki moja, na nilijua. Nilikuwa naona kijana wangu anakonda na binti yako anazeeka kwa kukungoja wewe, mtu ambaye ukishasema hapana unaioa. Mama Kasiva alinipigia akilia kwamba nyumba imekuwa kaburi. Yeye ndiye aliyesema, "Akila, amekula. Baadaye atazoea." Mimi ndiye niliyefikiri habari ya nyama ya kukausha. Nilijiona mwerevu. Nilipanga kukuambia Chyulu, siku ya pili, ukiwa umechoka na umefurahi.

Kisha nikakupa kile kipande, ukaniangalia ukatabasamu na mafuta kidevuni, na tangu hapo nimeshindwa kukuita Gunia. Si adabu tu, Mulwa. Ni aibu pia. Kwa lugha yetu ni neno hilohilo moja, unajua.

Nakuomba kitu kimoja, na sina haki ya kukiomba. Kasiva hajui. Anaamini ulikubali. Mutunga anajua, mimi najua, Mama Kasiva na Muindi wanajua. Akisikia, ataondoka, alishaapa. Mbuzi wakirudi, ni kama umewatenganisha kwa mkono wako. Kaa kimya tu. Nitukane mimi maisha yangu yote, lakini mwache yeye na furaha yake.

Kiilu


Wote, 9 Novemba 2025

Kasiva mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Ni tamu. Sijawahi kupata barua tamu hivyo, na nilitaka sana iwe yangu. Nimeisoma dukani mpaka mteja akadhani ni risiti ya deni la serikali.

Naambiwa ninyamaze, na kwa siku kadhaa nilikuwa nimekubali. Ni rahisi: nikinyamaza, mimi ni baba mwema, nawe unakuja Desemba ukinicheka na hema langu. Lakini nimekaa na watu wanaonipikia na kunisalimu wakijua jambo linalonihusu nisilolijua, na sasa najua mtu huonekanaje akiwa hivyo. Siwezi kukuangalia usoni siku tatu ukiwa unaonekana hivyo, na mimi nikiwa miongoni mwa wanaojua.

Nilikula, hilo ni kweli. Nikaomba kingine, hilo nalo ni kweli. Sikujua ninakula nini. Niliambiwa ni mbuzi wa kukausha nyama ya safari. Nimejua juzijuzi tu, kwa neno lililomponyoka mama yako. Hakuna aliyenishika mkono. Hawakuhitaji.

Sikuandikii ili umwache Mutunga. Usinielewe vibaya, mimi ningefurahi umwache, sijabadilika kiasi hicho. Lakini hiyo siyo sababu. Naandika kwa sababu ulisema huingii nyumba ile mpaka mimi nikubali, na watu walikuingiza wakisema nimekubali.

Hema kweli nasimamisha mwenyewe. Hilo hawakukudanganya.

Baba yako


Kitui, 12 Novemba 2025

Baba,

Nimepata. Nimemuuliza Mutunga, amesema alijua. Nakuja Jumamosi na vitu vyangu. Mama asinipikie.

Kasiva


Wote, 13 Desemba 2025

Kiilu,

Ulituma watu wawili kuniuliza hali ikoje, na mara zote nilisema nina wateja. Leo nitakuambia, kisha usitume mtu tena.

Alikuja. Chumba chake kina mwenyewe sasa. Nilikuomba hivyo mwezi wa nane, umenitimizia. Wiki mbili za kwanza alikuwa akienda hotelini kununua chakula chake, anapita mbele ya jiko la mama yake na chapati kwenye gazeti, na Mama Kasiva anakaa na sufuria imejaa. Mimi alinisalimu asubuhi na jioni. Kwa mjomba wake Muindi hakufungua hata mlango. Nilidhani nikisema kweli nitakuwa upande wake. Kumbe ukimletea mtu habari ya namna hiyo, mikono yako nayo inanuka.

Siku moja akatoka na begi lake, akaniuliza langu liko wapi. Tukaenda Chyulu, mimi na yeye, na askari wa mbuga akitutangulia kwa sababu ya nyati. Chama chako hatukukihitaji. Sitakusimulia nyasi zile wala ule upepo, unavijua. Nitakuambia tu kwamba huko hakuna kijito, kila tone ulibebe, na nilibeba yangu na sehemu ya yake, na nilipanga begi vile ulivyonifundisha, vitu vizito karibu na mgongo. Nilikuwa nakuchukia na bado nafanya kila kitu kwa njia yako. Ni taabu kubwa, kumchukia mtu na miguu yako inamfuata.

Siku ya pili, tukipumzika ukingoni, akasema, "Baba, wangekuuliza, ungesema nini?"

"Ningekataa."

"Basi walikujua vizuri."

"Walinijua. Na wewe walikujua, ndiyo maana nawe hawakukuuliza."

Alifunga kamba za viatu akanitangulia. Alitembea mbele yangu muda mrefu, sikumwita. Nilimkuta kwenye kivuli ananingoja. Akasema kibaya ni kwamba bado anampenda, na kwamba ingekuwa afadhali kama upendo ungeondoka pamoja na vitu vingine alivyofungasha. Nilimpa maji, akanywa, akaniambia natembea kama bata. Basi, ndiyo furaha niliyopata Chyulu.

Wewe na mimi sijui tutaitana nini. Mbuzi wako sijawakubali wala sijawarudisha, wanakula tu. Ukitaka kujua kama nimekusamehe, bado. Nimejaribu mara mbili kanisani, nikaishia kuomba mvua.

Ninachotaka kukuambia hasa ni hiki. Mutunga yuko langoni kwangu. Alifika asubuhi, peke yake, bila mzee, bila mbuzi, bila koti. Alibisha, nikaenda, tukatazamana kupitia kwenye vyuma. Akasema, "Baba, nimekuja kumuona Kasiva." Mwezi wa nane ningemfukuza. Leo nilirudi ndani, nikamkuta Kasiva anachambua maharagwe na mama yake, kila mtu na sinia lake, bila kuongea, lakini kwenye mkeka mmoja. Nikamuuliza nimfungulie.

Alichambua konzi nzima kabla ya kujibu. Akasema, "Asimame kwanza."

Basi amesimama. Ni saa sita, jua la Wote unalijua, na hana kofia. Simpendi, lakini sasa hivi ninamhurumia, na hilo nalo linaniudhi. Mama Kasiva amejaza kikombe cha maji, amesimama nacho mlangoni, ananiangalia mimi. Nimemwambia asiniangalie mimi, amuulize Kasiva.

Mulwa